Kuzunguka dunia mkiwa wawili huku kazi zikiendelea: mwongozo kwa wanandoa wa Mtwara na Lindi

Mwongozo huu ni wa mume na mke wanaoishi kwa kazi ya mtandaoni: kutafsiri, kuandika programu, uhasibu, kuhudumia wateja, usanifu wa picha, kufundisha Kiswahili kwa wageni. Mnakaa Mtwara mjini, Mikindani, Masasi, Lindi au Kilwa, na mnataka kukaa nje mwaka mmoja au zaidi bila kuacha kazi. Hii si likizo. Mtu wa likizo akikosa intaneti siku mbili anapumzika zaidi, ila nyinyi mkikosa siku mbili mteja anatafuta mwingine.

Watu huhangaika sana na visa. Kwa tunavyoona, safari nyingi za namna hii huvunjwa na mambo madogo kuliko visa: meza mbili zisizo na mlango katikati, saa za mwajiri zinazomkesha mmoja kila siku, cheti cha ndoa ambacho ubalozi haukitambui, mikorosho iliyoachwa bila mtu wa kupulizia. Karibu yote hayo hutengenezwa mkiwa bado nyumbani. Jipeni miezi sita ya maandalizi.

1. Ruhusa ya kazi, kwa maandishi

Kabla ya kufungua ramani, kila mmoja amwandikie mwajiri au mteja wake mkuu na kuuliza mambo matatu.

Nchi zipi zimezuiwa? Kampuni nyingi, hasa za benki na afya, huwa na orodha, na mfumo wao hujifunga ukiona mtumiaji anaingia kutoka mahali pasipotarajiwa. Mnaweza kushuka uwanja wa ndege mkakuta akaunti ya kazi imefungwa na idara ya kompyuta iko mapumziko ya mwisho wa wiki.

Siku ngapi kwa mwaka mnaruhusiwa kukaa nchi moja? Mwajiri huogopa kwamba mfanyakazi akikaa sana mahali pamoja, serikali ya huko itahesabu kwamba kampuni imefungua ofisi pale na kuidai kodi. Ndiyo maana wengi huweka kikomo, na kikomo hicho ndicho kitakachopanga safari yenu.

Saa zipi lazima mpatikane, na zipi mnaweza kuzipanga wenyewe?

Majibu yaje kwa barua pepe. Meneja aliyekubali kwa simu anaweza kuhamishwa, na anayekuja baada yake hana habari ya makubaliano yenu. Kwa wanaojitegemea, angalieni kitu kimoja zaidi: kama mteja mmoja analeta zaidi ya nusu ya pato la nyumba yenu, ahirisheni safari mpaka mpate wa pili na wa tatu.

2. Chagueni upande wa dunia kwa kutumia saa

Hapa ndipo pa kukaa na karatasi na kalamu jioni nzima. Tanzania iko UTC+3, yaani saa tatu mbele ya saa ya kimataifa (UTC), na hatubadilishi saa mwaka mzima. Ulaya na Marekani hubadilisha.

Tuseme mke anafanyia kampuni ya London, saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni kwa saa za huko. Akiwa Lindi, majira ya baridi ya Ulaya, zamu hiyo ni saa 6 mchana hadi saa 2 usiku. Majira yao ya joto ni saa 5 asubuhi hadi saa 1 jioni. Akihamia Thailand (UTC+7), inakuwa saa 10 jioni hadi saa 6 usiku wakati wa baridi, na saa 9 alasiri hadi saa 5 usiku wakati wa joto. Malaysia (UTC+8) ongezeni saa moja juu ya hizo. Akienda Namibia (UTC+2) anapata saa 5 asubuhi hadi saa 1 jioni wakati wa baridi, na saa 4 asubuhi hadi saa 12 jioni wakati wa joto.

Tuseme mume anafanyia ofisi ya Dar es Salaam, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Akiwa Thailand ataanza saa 6 mchana na kumaliza saa 3 usiku. Kwa hiyo wote wawili wana asubuhi nzima ya kwenda sokoni, kuogelea au kusoma, na kazi zinaanza baada ya chakula cha mchana. Mpango huo unakalika.

Sasa badilisheni: mwajiri yuko New York, saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni za kwao. Majira ya baridi, Thailand itakuwa saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri. Mwenye kazi hiyo atalala mchana mwenzake akiwa macho, na baada ya wiki sita mtakuwa mnakutana mlangoni tu. Mwenye mwajiri wa Marekani abaki Afrika au aelekee magharibi. Akiwa Namibia zamu ile ile huanguka saa 10 jioni hadi saa 6 usiku.

Kanuni tunayoipendekeza: msichague nchi ambayo haiwapi angalau saa nne kwa siku mkiwa wote macho na hakuna aliye kazini. Chini ya hapo mnakuwa wapangaji wawili wa chumba kimoja.

Tarehe za kuandika kwenye kalenda: Ulaya hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Katikati ya tarehe hizo kuna wiki mbili au tatu za Machi, na wiki moja hivi ya vuli, ambapo tofauti iliyozoeleka kati ya London na New York inapungua kwa saa moja. Mikutano mingi hukoswa majuma hayo. Kwenye kalenda ya simu, chagueni jina la mji wa mwajiri, msiandike tofauti ya saa kwa mkono; jina la mji hujirekebisha lenyewe. Na mkiandikiana na watu wa nje tumieni mfumo wa saa 24. “Saa tatu” yetu imeshawakosesha wengi mikutano.

3. Makaratasi

Pasipoti ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa 2018, huombwa kupitia tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Mnajaza fomu, mnapata namba ya malipo, mnalipa, mnachapisha fomu, kisha mnaipeleka ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, Mtwara au Lindi, pamoja na viambatisho, na mnachukuliwa alama za vidole. Jumla ya ada kwa pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000 kwa kila mtu, na hudumu miaka 10. Andaeni cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa, cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo, na ushahidi wa safari.

Kinachochelewesha watu wa kwetu ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Athumani, kitambulisho cha Taifa kinasema Athuman, cheti cha shule kinasema Othman. Au Hamisi na Khamis. Kagueni herufi kwa herufi kwenye kila karatasi ya kila mmoja kabla ya kujaza fomu, na panapotofautiana rekebisheni kwanza, kwa kiapo au kwa hati ya kubadili jina, kadiri mtakavyoelekezwa. Jina likishaingia vibaya kwenye pasipoti, litaenda vibaya kwenye visa, tiketi na akaunti ya benki. Nchi nyingi pia hutaka pasipoti yenye uhai wa miezi sita mbele tangu siku ya kuingia.

Cheti cha ndoa ndicho karatasi inayosahaulika. Ndoa nyingi Mtwara na Lindi hufungwa msikitini au nyumbani, cheti kinawekwa sandukuni, na hakuna anayekigusa tena. Ubalozi utataka cheti kinachotambulika na RITA, wakala wa serikali wa usajili, tafsiri ya Kiingereza kama kimeandikwa kwa Kiswahili, na mara nyingi muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje kisha wa ubalozi wenyewe. Fuateni mlolongo huo huo kwa mpangilio huo huo, maana anayeruka hatua hurudishwa mwanzo. Jueni pia kwamba chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971 ndoa huandikishwa kuwa ya mke mmoja au inayoruhusu wake wengi, na afisa wa visa anaweza kuuliza. Jibuni kama karatasi inavyosema. Wanaoishi pamoja bila ndoa wahesabu kwamba kila mmoja ataomba kibali chake peke yake.

Chanjo ya homa ya manjano: chanjweni angalau siku 10 kabla ya kuvuka mpaka, na mpate kadi ya njano yenye muhuri. Tangu Julai 2016 cheti hicho hakiishi muda, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka 10. Thailand ni miongoni mwa nchi zinazoidai kwa wasafiri wa kutoka Tanzania. Pigeni picha kadi, na kadi yenyewe ikae pamoja na pasipoti kwenye mkoba wa mkononi.

4. Vibali, na nani awe mwombaji mkuu

Mzunguko wa kwanza uwe wa karibu. Kenya, Uganda na Rwanda hupokea raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki bila visa, kwa muda wa hadi miezi sita. Afrika Kusini hutupokea bila visa hadi siku 90 kwa mwaka. Huko mnajifunza kuishi ugenini mkiwa bado mnaweza kurudi kwa basi au kwa ndege ya saa chache.

Stempu ya mgeni, hata hivyo, ni ya kutembea. Haiwapi haki ya kuajiriwa na kampuni ya nchi ile, na kwa kazi ya mwajiri wa nje sheria za nchi nyingi hazisemi waziwazi. Kwa ukaaji mrefu tafuteni kibali cha wafanyakazi wa mbali. Vinavyofaa kuanza kuangaliwa ni hivi:

Namibia hutoa kibali cha miezi sita. Mwombaji aoneshe kipato cha dola 2,000 za Marekani kwa mwezi, na kwa mwenza anayefuatana naye dola 1,000 zaidi. Saa zake ni nzuri kwa kazi za Ulaya na za Marekani.

Malaysia ina DE Rantau, iliyoanza 2022, kwa miezi 3 hadi 12 na inaweza kuongezwa. Kwa wa kazi za teknolojia kipato kinachotakiwa ni zaidi ya dola 24,000 kwa mwaka. Kwa kazi nyingine kiwango ni cha juu zaidi. Mke au mume anaweza kuingizwa kama tegemezi.

Thailand ina visa ya DTV tangu Julai 2024: hudumu miaka mitano, kila ukiingia unakaa hadi siku 180, ada yake ni takribani baht 10,000, na mwombaji aoneshe akiba ya baht 500,000. Maombi hufanywa kwa mtandao mkiwa nje ya Thailand.

Viwango hivi hubadilishwa na serikali husika, kwa hiyo siku ya kuomba someni tovuti yao rasmi, na msitegemee wakala anayewaambia “mambo yote niachie mimi”.

Wengi humweka mwenye kipato kikubwa kuwa mwombaji mkuu. Sisi tunashauri awe mwenye mkataba imara zaidi, mradi anafikia kiwango. Kibali cha tegemezi hutundikwa kwenye kibali cha mkuu, na mkuu akipoteza kazi wote wawili mnapoteza haki ya kukaa kwa pamoja. Kama kila mmoja anatimiza masharti peke yake, na nchi inaruhusu, ombeni vibali viwili tofauti. Mtalipa ada mara mbili, lakini mmoja akiyumba mwingine anabaki amesimama. Na kabla hamjamweka anayefanya kazi kuwa tegemezi, ulizeni kwa maandishi kama tegemezi anaruhusiwa kuendelea na kazi yake ya mtandaoni.

Jambo la njia: msianze kwa kuvuka Ruvuma kwa barabara. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lenye urefu wa mita 720, lipo tangu 2010, na kivuko cha Kilambo kiko karibu na Mtwara mjini, lakini upande wa pili ni Cabo Delgado, ambako mashambulizi ya wapiganaji yalianza Oktoba 2017. Bima nyingi za safari hazilipi kwa maeneo yenye tahadhari za namna hiyo. Kama Msumbiji imo kwenye mpango, nendeni Maputo kwa ndege.

5. Mwezi wa majaribio

Hameni nyumbani kwa wiki nne kamili bila kwenda mbali. Wa Mtwara wapange nyumba Kilwa Masoko au Lindi. Wa Lindi au Masasi wapange Mikindani, kilomita 10 hivi kutoka Mtwara mjini. Chukueni tu vile mtakavyobeba kwenye safari yenyewe. Msirudi kuchukua chaja. Kazi ziendelee kama kawaida, na msimwambie mteja kwamba mko majaribioni.

Pimeni intaneti mara tatu kwa siku: asubuhi, saa 8 mchana na saa 2 usiku. Angalieni kasi ya kupakia kuliko ya kupakua, maana mkutano wa video hufia kwenye kupakia. Kwa mikutano miwili ya video kwa wakati mmoja tafuteni Mbps 8 (megabiti kwa sekunde) za kupakia zisizoyumba; kwa mkutano mmoja, 4 zinatosha. Saa moja ya mkutano wa video hula GB 1 hadi 2, hivyo hesabuni kifurushi kwa saa za mikutano yenu, msikisie.

Muwe na mitandao miwili ya kampuni tofauti, ambayo minara yake mmeipima mkiwa ndani ya chumba chenyewe. Hata hivyo kumbukeni kuna hitilafu ambazo laini mbili haziwezi kuzitibu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na nchi nzima ikayumba, na 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Dawa ni kuwa na kazi za siku tatu ambazo zinafanyika bila mtandao, na kumwambia mteja mapema namna atakavyopata taarifa zenu hali ikiwa hivyo.

Umeme ukikatika, ruta ndogo ya volti 12 huendelea saa kadhaa kwa betri yake ndogo ya akiba. Kompyuta mpakato ya wati 45 hadi 65 inataka betri kubwa zaidi. Kama kampuni yenu hutumia VPN, yaani njia ya faragha ya kuingia kwenye mtandao wake, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, imetaka watumiaji wa VPN wajisajili tangu Oktoba 2023; malizeni hilo mkiwa hapa.

Mwisho wa wiki ya nne kaeni na maswali matatu: mikutano mingapi ilikatika, nani alilala chini ya saa saba, na mligombana kwa ajili ya nini. Kama ugomvi ulikuwa wa nafasi ya kufanyia kazi, nyumba ya ugenini lazima iwe kubwa zaidi ya mlivyopanga. Kama ulikuwa wa fedha, hatua inayofuata msiipite haraka.

6. Fedha na laini ya simu

Wekeni mifuko mitatu: wa pamoja, wa mke, wa mume. Wa pamoja hulipa pango, chakula, visa, bima na tiketi. Mchangie kwa uwiano wa kipato, kwa sababu ukichangia sawa kwa sawa na mwenzako analipwa mara mbili yako, utaishiwa kabla ya mwezi kwisha na utaanza kumwomba.

Akiba kabla ya kuondoka: matumizi ya miezi sita, na pembeni nauli ya dharura ya kurudi nyumbani kwa wote wawili, ambayo haiguswi. Kwetu msiba haungoji. Kubalianeni mapema, msiba wa nani mnarudi wote, wa nani anarudi mmoja, na wa nani mnatuma rambirambi. Mazungumzo haya ni magumu, lakini yakifanyika sebuleni kwenu ni afadhali kuliko kufanyika saa 8 usiku mkiwa Kuala Lumpur na simu inalia. Wekeni pia michango ya jando na unyago na ya harusi kwenye bajeti ya mwezi, maana hata mkiwa mbali majina yenu yatakuwa kwenye daftari.

Kadi ziwe angalau mbili za benki mbili tofauti, moja Visa na nyingine Mastercard, na zisikae kwenye pochi moja. Iarifuni benki tarehe na nchi, la sivyo muamala wa kwanza utazuiwa.

Laini ya Tanzania ndiyo ufunguo wa benki, kwa sababu namba za uthibitisho huja kwa ujumbe mfupi. Iwekeni kwenye simu ndogo ya batani, washeni huduma ya kutumika nje kabla ya kuondoka, mzime data yake, na muongeze salio mara kwa mara, maana laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba kupewa mtu mwingine. Huduma za kubonyeza nyota na reli mara nyingi hazifanyi kazi nje. Hamieni kwenye programu za simu za benki na za mitandao na mzijaribu mkiwa bado hapa. Mwenzako awe na njia ya kufungua simu yako.

7. Mikorosho, nyumba na wazee

Wenye shamba la korosho wasipange kuondoka bila kumwandikia msimamizi kalenda. Palizi na kupogolea vimalizike kabla ya maua. Kuanzia Juni ni kupulizia salfa kwa ajili ya ubwiri unga, na hapa kuchelewa kidogo hugharimu, kwani ugonjwa hushika maua na vikonyo vichanga, na ua lililokauka halitoi korosho. Mavuno ni Oktoba hadi Desemba. Salfa inunuliwe na kukabidhiwa mapema, kwa kuhesabiwa mifuko.

Korosho huuzwa kwa stakabadhi ghalani kupitia chama cha msingi, na malipo huingia kwenye akaunti ya mkulima aliyesajiliwa. Hakikisheni usajili na namba ya akaunti viko sahihi kabla ya msimu, na msimamizi akutumieni picha ya stakabadhi kila anapopeleka mzigo, yenye kilo na tarehe. Mwandikiane mkataba unaosema analipwa nini na lini. Msimamizi asiyelipwa kwa wakati atauza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya chama, kwa bei ya chini, na hamtakuwa na karatasi ya kudai.

Nyumba ya mjini ni afadhali ipangishwe kuliko kufungwa, hasa iliyo karibu na bahari, maana hewa ya chumvi hula bati, kufuli na friji isiyowashwa. Kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU. Andikeni kwenye mkataba wa pango kama inabebwa na mpangaji au mwenye nyumba. Hati za kiwanja na za shamba zisiachwe ndani.

Wazee wa pande zote mbili waambiwe na nyinyi wenyewe, ana kwa ana, mapema. Wapeni jina la ndugu mmoja atakayekuwa anawafikia kwa dharura, na siku maalumu ya kupiga simu kila wiki.

8. Mizigo na siku ya kuondoka

Kompyuta mbili, chaja ya akiba inayofaa zote mbili, visikizi viwili vyenye kipaza sauti, waya wa mtandao wa mita 5, ruta ndogo ya safari, soketi ya kuunganishia vifaa vinne. Plagi yetu ya miguu mitatu ya mraba inafanya kazi Kenya, Malaysia, Singapore na Uingereza; Thailand, Namibia na Afrika Kusini mtahitaji adapta. Betri za akiba hubebwa mkononi tu, na kikomo cha kawaida bila kibali cha ndege ni Wh 100, yaani takribani mAh 27,000. Data za kazi zinakiliwe kwenye diski mbili, kila mmoja abebe moja.

Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kilomita 560 hivi. Wakati wa mvua, Desemba hadi mapema Mei, fikeni Dar siku tatu kabla ya ndege ya kimataifa. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, mafuriko yalikata barabara kuu upande wa Kilwa na magari yakakwama pande zote mbili. Ndege ya Mtwara ni msaada, lakini msiiunganishe siku hiyo hiyo na safari ya nje kwa tiketi mbili tofauti, kwani ya kwanza ikichelewa, ya pili hamrudishiwi.

9. Nyumba ya ugenini

Kaeni miezi miwili hadi mitatu kila mahali. Anayehama kila wiki mbili hutumia siku moja kufunga, moja kusafiri, mbili kutafuta duka na mtandao, na kazi inaliwa. Pango la mwezi pia huwa nafuu kuliko la siku.

Siku tano za kwanza lipieni nyumba ya wageni, kisha mtafute nyumba mkiwa hapo hapo. Kama lazima mlipie kabla, mwombeni mwenye nyumba mambo haya: picha ya kipimo cha kasi kilichofanywa ndani ya chumba cha kulala na kingine sebuleni, picha ya meza na kiti, kwa sababu meza ya kahawa huumiza mgongo wiki ya kwanza, na meza ya kazi huwa na kimo cha sentimita 72 hadi 75, na jibu la swali, kuna mlango unaofungika kati ya chumba na sebule? Nyumba ya chumba kimoja kisicho na ukuta, hata iwe na mandhari nzuri kiasi gani, haiwafai watu wawili wenye mikutano. Ulizeni pia kuhusu ujenzi wa jirani.

Kila Jumapili jioni wekeni kalenda zenu mbili pamoja na mgawane mlango: nani anakaa chumbani saa zipi. Mikutano ikigongana, mwenye mteja ndiye anapata chumba, na mwenye mkutano wa ndani wa kampuni anatoka kwenda mkahawani au azime kamera. Mpika wa siku ni yule anayeanza kazi baadaye. Na mmoja akiwa na visikizi masikioni asiulizwe neno; andikeni ujumbe.

Siku moja kwa wiki kila mmoja atembee peke yake. Nyumbani mlikuwa na baraza, majirani, msikiti au kanisa, timu ya mpira. Ugenini yote hayo anatakiwa kuyabeba mwenza mmoja, na hawezi.

10. Kodi, afya na kurudi

Kuondoka hakumalizi kodi. Kwa sheria ya Tanzania mnahesabiwa wakaazi wa mwaka husika mkiwa na makazi ya kudumu nchini na mkawepo siku yoyote ya mwaka huo, au mkikaa siku 183, au mkiwa na wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia. Mwenye nyumba Shangani, Mtwara, anayerudi kwa sikukuu bado ni mkaazi, na mkaazi hutozwa kwa kipato cha popote duniani. Wanaojitegemea hulipa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, na ritani ya mwaka huwasilishwa kabla ya mwisho wa Juni unaofuata. Huko mliko pia hesabuni siku. Nchi nyingi huanza kudai kodi mkifikisha 183. Tunzeni daftari moja la tarehe za kuingia na kutoka, pamoja na tiketi.

Bima ya hapa haitawalipia hospitali za nje. Nunueni bima ya safari inayolipia kulazwa, kuhamishwa kwa ndege, na kurudisha mwili nyumbani. Nchi za Schengen, yaani nyingi za Ulaya, hutaka isiyopungua yuro 30,000.

Malaria inaweza kuwafuata. Mtu aliyetoka Lindi juzi akipata homa akiwa Bangkok au Lisbon, daktari atafikiria mafua. Mwambieni tangu mlangoni kwamba mmetoka eneo la malaria na mdai kipimo cha damu siku hiyo hiyo. Miezi ya kwanza baada ya kuondoka ndiyo ya kuangalia zaidi. Upande wa pili, anayekaa nje mwaka mzima kinga aliyoijenga kwa kuumwa tangu utotoni hupungua. Mkirudi, hata kama mlizaliwa Nachingwea, jihesabuni wageni: chandarua chenye dawa kuanzia usiku wa kwanza, na homa yoyote ipimwe siku inapoanza, bila kungoja ipoe kwa panadol.